MBONA DUBU WA BARAFUNI NI MWEUPE?

Katika makala haya ningependa tuchambue swali moja ambalo huzuka kila picha ya dubu wa barafuni inapobandikwa ukutani katika darasa la Jiografia: mbona mnyama huyu ni mweupe namna ile? Wengi hulijibu upesi upesi, "Ni mweupe ili afanane na theluji," kisha wakaendelea na shughuli zao. Jibu hilo si baya, lakini limeruka mambo mengi. Kwanza, manyoya yenyewe si meupe. Pili, ngozi iliyo chini ya manyoya hayo ni nyeusi tititi. Tatu, hilo neno "ili" lina matatizo yake, na sisi wa Chama cha Kiswahili hatuwezi kulipita vivi hivi tu.

Kabla ya hayo yote, tumjue mhusika wetu. Dubu huyu huishi pande za kaskazini kabisa za dunia, katika eneo liitwalo Aktiki. Hupatikana katika nchi tano: Kanada, Urusi, Norwei kwenye visiwa vya Svalbard, Marekani katika jimbo la Alaska, na Greenland ambayo ni sehemu ya ufalme wa Denmark. Kule kusini kwenye ncha ya pili hayupo hata mmoja. Nalisema hili kwa sababu katuni nyingi humchora dubu akicheza na pengwini, na wawili hao hawajapata kukutana isipokuwa kwenye bustani za wanyama. Atakayesahau na ajikumbushe kwa lugha: neno Aktiki linatokana na neno la Kigiriki "arktos", maana yake dubu. Hata hivyo Wagiriki hawakuwa wakimzungumzia dubu wetu huyu, ambaye hawakumjua. Walikuwa wakizitazama nyota za kaskazini, lile kundi liitwalo Dubu Mkubwa. Antaktika nayo ni upande ulio kinyume na dubu. Imesadifu tu kwamba dubu wa kweli kweli yuko upande huo huo wa nyota zake.

Mataifa mbalimbali yamempa majina mbalimbali. Warusi humwita dubu mweupe, Wanorwei humwita "isbjørn", yaani dubu wa barafu, nao Wainuit, wenyeji wa huko, humwita "nanuq". Mwingereza Constantine Phipps, aliyesafiri kwa merikebu kuelekea ncha ya kaskazini mwaka 1773, alimweleza kisayansi mwaka 1774 na kumpa jina la Kilatini Ursus maritimus, yaani dubu wa baharini. Kwa maoni yangu jina hili la Phipps limelenga shabaha zaidi kuliko mengine. Maana dubu huyu ni mnyama wa bahari, ingawa bahari yenyewe imeganda. Hutembea juu ya barafu iliyotanda baharini, na chakula chake kikubwa ni sili, wanyama wa majini wanaopumua hewa kama sisi. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 350 hadi 700. Ajabu ni kwamba dubwana hili huzaliwa likiwa na uzito usiofika hata kilo moja.

Sasa tuyaangalie manyoya. Ukichomoa unywele mmoja mrefu wa dubu huyu (ukiwa na bahati kwamba mwenyewe amelala usingizi wa pono) na kuuinua juangani, utaona kwamba hauna rangi. Unapenyeka nuru kama uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Hauna ile rangi iitwayo melanini, ambayo ndiyo inayozifanya nywele zetu ziwe nyeusi. Na hapa usiende mbali kutafuta mfano. Mtazame babu au nyanya yako mwenye mvi. Mvi si nywele zilizopakwa chokaa. Ni nywele zilizoishiwa na melanini. Basi dubu wetu ana mvi tangu utotoni.

Lakini ngoja. Kama unywele hauna rangi, mbona dubu mzima tunamwona mweupe? Si angepaswa kuonekana kama kioo, tuione ngozi yake nyeusi?

Jibu liko jikoni. Chukua chembe moja ya chumvi uitazame kwa lenzi katika maabara. Utaona kijiwe kinachong'aa, kisicho na rangi, kama kipande cha kioo. Chota sasa chumvi kijiko kizima: jeupe pe! Hakuna aliyeongeza rangi yoyote. Kilichoongezeka ni nyuso. Kila nuru inapotoka hewani kuingia katika chembe, au kutoka katika chembe kurudi hewani, sehemu yake huakisiwa na sehemu yake hupinda. Katika kijiko cha chumvi kuna chembe maelfu, na kati yake hewa, kwa hiyo nuru huruka huku na huku kama mpira uliopigwa katikati ya umati, mpaka mwisho inarudi nje kutoka pande zote. Na kwa kuwa hakuna rangi iliyonyonywa njiani, nyekundu, kijani na buluu zote hurudi pamoja, na jicho likizipokea zote kwa pamoja husema: nyeupe. Ndivyo ilivyo kwa povu. Fua nguo kwa sabuni ya buluu uone kama povu lake ni la buluu. Ndivyo ilivyo pia kwa theluji yenyewe, iwe ya Aktiki au ya kilele cha Mlima Kenya. Kipande cha barafu safi ni kama kioo, kipondeponde, kitakuwa cheupe.

Manyoya ya dubu hufanya kazi hiyo hiyo. Ana tabaka mbili. Ya chini ni manyoya mafupi yaliyosongamana kama sufu, na ya juu ni nywele ndefu, ngumu kidogo, zenye uwazi ndani mithili ya mrija. Nuru ikiingia humo inakuta kuta za nje, kuta za ndani, hewa, halafu unywele mwingine, na mwingine tena. Inatawanyika kabla ya kufika mbali. Wengine husema kwamba weupe wote unatokana na ule uwazi wa ndani. Wametia chumvi. Mbuzi mweupe wa nyumbani hahitaji kufananishwa na mrija ndipo awe mweupe. Uwazi unaongeza nyuso za kutawanya nuru, lakini jambo la msingi ni kukosa melanini na kuwepo kwa hewa katikati ya nywele. Ndiyo maana dubu akitoka majini amelowa chapachapa weupe wake hufifia. Maji yamechukua nafasi ya hewa, sawa na shati jeupe la shule linavyolowa mvua mpaka fulana ya ndani ikaonekana.

Tena si mweupe wakati wote. Akila sili, mafuta hugandamana na manyoya, na kufikia majira ya joto huonekana wa manjano. Kisha manyoya ya zamani hupukutika na mapya kuota, naye akarudia usafi wake. Kuna hata waliogeuka kijani! Mwaka 1979 wataalamu walieleza kisa cha dubu watatu wa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, ambao manyoya yao yalikuwa ya kijani. Walipozikagua nywele kwa hadubini walikuta mwani mdogo mno umeota ndani ya ule uwazi wa nywele, umejistarehesha kama mpangaji. Mambo kama hayo yalitokea Singapore mwaka 2004 kwa dubu wawili, Sheba na mwanawe Inuka. Singapore iko karibu na ikweta kama sisi, joto na unyevu tele, na mwani haukuwa na sababu ya kuondoka. Ilibidi dubu hao wasafishwe kwa haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile wanayotumia watu kufifisha rangi ya nywele. Inuka alikuwa dubu wa barafuni wa kwanza kuzaliwa katika nchi za joto, mwaka 1990, na alikufa mwaka 2018 bila kuiona Aktiki hata siku moja. Mimi sioni la kujivunia katika rekodi hiyo.

Ule uwazi wa nywele umezaa pia hadithi moja ambayo imo katika vitabu vingi, na huenda nawe umeshaisoma. Hadithi yenyewe ni hii: eti kila unywele ni mrija wa nuru, kama zile nyaya za kioo zinazopitisha simu, na kazi yake ni kuisafirisha miale ya urujuanimno kutoka juani mpaka kwenye ngozi nyeusi ili imtie dubu joto. Ni hadithi tamu. Bahati mbaya si ya kweli.

Ilianzaje? Watafiti wawili, Lavigne na Øritsland, walikuwa wakitafuta njia ya kuwahesabu wanyama wa barafuni kutoka kwenye ndege. Mtu utahesabuje vitoto vya sili vyeupe vilivyolala juu ya barafu nyeupe? Wakatumia kamera inayonasa miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Mwaka 1974 walitangaza walichokigundua: katika picha hizo theluji ni nyeupe, kwa kuwa inairudisha miale hiyo, lakini vitoto vya sili na dubu wa barafuni walitokea weusi kama makaa. Kumbe manyoya yao huimeza miale ya urujuanimno. Sasa watu wakauliza, inamezwa ikaenda wapi? Wakaunganisha mambo matatu, unywele wenye uwazi, ngozi nyeusi na miale inayopotea, na hadithi ikakamilika bila mtu kuupima unywele wenyewe. Ilikuja kupimwa na mwanafizikia Daniel Koon wa Marekani, ambaye alitangaza matokeo mwaka 1998. Alipitisha nuru ndani ya nywele za dubu na kukuta kwamba inafifia upesi sana, na kadiri inavyokaribia urujuanimno ndivyo inavyofifia zaidi, hata inayofika upande wa pili ni kama si kitu. Miale hiyo haisafiri kwenda popote. Inanyonywa na keratini, ile dutu inayojenga unywele wenyewe, na ambayo pia imo katika kucha zako na pembe za ng'ombe.

Je, basi joto la jua halimsaidii kabisa? Tusiende kasi hivyo. Nuru ya kawaida huchujika kidogo kidogo kati ya manyoya, na ngozi nyeusi huipokea. Katika miezi ya Machi na Aprili, jua likiwa limerudi na baridi bado ni kali, pengine hupata faida fulani. Lakini fikiria ratiba ya huko. Katikati ya majira ya baridi, anapohitaji joto kuliko wakati wowote, jua halichomozi kwa majuma au hata miezi. Linapowaka usiku na mchana, shida ya dubu ni kinyume: anaona joto, na akikimbia mwendo mrefu hulemewa. Kinachomkinga na baridi hasa ni manyoya mazito yaliyoshika hewa, pamoja na shahamu chini ya ngozi ambayo unene wake unaweza kufika sentimita kumi. Manyoya hayo yana jambo jingine ambalo limeelezwa hivi karibuni, mwaka 2025: mafuta yanayotoka ngozini mwake yana mchanganyiko wa pekee ambao haushikamani na barafu. Dubu hutoka majini katika baridi ya kuua, akajikung'uta, na barafu haigandi mwilini. Wawindaji wa Kiinuit walilijua hilo zamani. Walikuwa wakifunga vipande vya ngozi ya dubu chini ya miguu ya vigoda vyao wanapomvizia sili, ili visikwaruze barafu na kumshtua.

Hapo sasa tumefika kwenye uwindaji, na ndipo weupe unapolipa. Sili hutoboa matundu katika barafu ili apate kupumua, na siku za jua hupanda juu na kulala kando ya tundu lake. Halali fofofo. Husinzia kidogo, huinua kichwa, hutazama huku na huku, kisha husinzia tena. Dubu akiwa mbali hujikunyata na kusogea hatua kwa hatua. Sili akiinua kichwa, dubu husimama tuli kama mtu anayecheza mchezo wa kuganda. Akifika karibu hufyatuka. Mara nyingi hushindwa, kwani sili anahitaji nukta chache tu kujitumbukiza. Katika mchezo kama huu, mnyama wa rangi ya udongo juu ya barafu angeonekana tangu mbali kama nzi ndani ya maziwa. Ushahidi mwingine hautoki kwa dubu bali kwa binadamu: huko Greenland wawindaji wa sili husukuma mbele yao kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya kisleji kidogo, nao hujificha nyuma yake. Dubu hahitaji kitambaa. Husemwa pia kwamba dubu huifunika pua yake nyeusi kwa mkono anapovizia. Waliowachunguza dubu mwituni kwa miaka mingi hawalithibitishi hilo, nami nashauri tusiliandike katika insha zetu hata kama linachekesha.

Turudi kwenye "ili". Tukisema "mwanafunzi amevaa sweta ili asihisi baridi," tumesema kweli, kwa sababu mwanafunzi ana nia na alilichagua sweta. Lakini tukisema "dubu ni mweupe ili asionekane," ni nani aliyekuwa na nia? Dubu hakukaa kikao akaamua kuacha rangi ya kahawia. Hata hivyo babu zake walikuwa wa kahawia. Jamaa zake wa karibu mpaka leo ni dubu wa kahawia wa Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini. Uchunguzi wa jeni uliotangazwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba koo hizi mbili zilitengana miaka kati ya 343,000 na 479,000 iliyopita. Kwa umri wa dunia, hiyo ni jana jioni. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba katika dubu wa barafuni kuna jeni zilizobadilika sana zinazohusika na mafuta mwilini na moyo, na nyingine kama LYST na AIM1 zinazohusika na rangi.

Mambo yalikwenda hivi. Katika kila kizazi watoto hawafanani sawasawa. Wapo weusi kidogo na wapo waliopauka kidogo. Miongoni mwa dubu waliokuwa wakitafuta riziki barafuni, yule aliyepauka alimkaribia sili zaidi kabla ya kugunduliwa. Akashiba. Jike aliyeshiba huweka shahamu, na bila shahamu hawezi kukaa ndani ya pango la theluji miezi kadhaa akinyonyesha pasipo kula. Hivyo waliopauka waliacha watoto wengi zaidi, nao watoto wakarithi mpauko. Rudia hayo kwa maelfu ya vizazi. Kwa hiyo sentensi iliyo sahihi zaidi haina "ili" hata kidogo: dubu wa barafuni ni mweupe kwa sababu wale waliokuwa weupe zaidi ndio waliobaki na kuzaa. Ni ndefu, najua, na mtahiniwa mwenye haraka ataiona inamchosha. Lakini ina maana ambayo ile fupi haina: inatuonyesha kwamba weupe haukuletwa uwe mzuri mahali pote. Umepimwa na barafu, na thamani yake ni pale penye barafu tu.

Mlinganishe na mbweha wa Aktiki. Yeye ni mweupe wakati wa theluji, lakini theluji ikiyeyuka wengi wao huvaa manyoya ya kahawia mpaka baridi irudi. Dubu hana nguo ya kubadilisha. Maisha yake yalikuwa juu ya barafu ya bahari, na barafu hiyo zamani haikumwacha muda mrefu.

Sasa inamwacha. Nchi tano nilizozitaja zilitia saini mapatano ya kumlinda mjini Oslo mwaka 1973, wakati tishio kubwa lilikuwa bunduki, na mapatano yale yalisaidia sana. Lakini bunduki unaweza kuipiga marufuku, joto la dunia si rahisi hivyo. Setilaiti zimekuwa zikiipima barafu ya Aktiki tangu mwaka 1979, na eneo linalobaki kila Septemba limepungua mno. Septemba 2012 lilikuwa dogo kuliko miaka yote iliyopimwa kabla yake. Mwaka 2006 huko kaskazini mwa Kanada aliuawa dubu mweupe mwenye mabaka ya kahawia, na vipimo vikaonyesha kwamba mama yake alikuwa wa barafuni na baba yake wa kahawia. Wale jamaa waliotengana zamani wameanza kukutana tena njiani.

Mahali pa kuyaona mabadiliko haya wazi ni upande wa magharibi wa Ghuba ya Hudson, Kanada, karibu na mji mdogo wa Churchill. Barafu ya ghuba ile huyeyuka yote kila mwaka, na dubu hulazimika kupanda nchi kavu kungoja igande tena mwezi wa Novemba. Siku hizi barafu huvunjika mapema kuliko zamani, na kungoja kumekuwa kurefu. Huwezi kuwakosa ukipita huko: miili mikubwa myeupe imelala juu ya mawe na majani ya kahawia, inaonekana kutoka mbali sana. Hesabu ya mwaka 2016 iliwakadiria dubu wa eneo hilo kuwa 842. Ile ya mwaka 2021 iliwakadiria kuwa 618.